Kaka Sele na Maji ya Ijumaa

Usagara, Tanga
14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Hilal,

Shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Na mkaza mjomba Khairiya, presha yake imetulia? Huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, na ugomvi wake na kuku wa jirani bado haujakwisha.

Mjomba, nimesikia umeambiwa kwamba nimemfukuzisha kazi kaka yangu. Wewe ndiye uliyetulea, basi naomba ulisikie kutoka kwangu.

Unajua nachunguza perege wa ule mto wa karibu na Kigombe, aina iliyobaki kidogo sana. Wanakijiji walipanda miti upya kingoni, matete yakaota, samaki wakarudi. Lakini hawakuongezeka. Perege jike huatamia mayai mdomoni. Hawa walikuwa wakiyatema kabla hayajaanguliwa. Nikapima maji kila siku kwa majuma matano. Yalichafuka Ijumaa tu, adhuhuri.

Juu ya mto kuna korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, alikokuwa akifanya kazi kaka Sele. Sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu lake.

Nilipoyaeleza kwenye mkutano wa kijiji, meneja wa kiwanda alicheka, akasema binti huyu kasoma mpaka anaona yasiyokuwepo. Hapo Sele akasimama, nyuma kabisa.

"Mastura hasemi uongo," akasema. "Maji machafu nayafungulia mimi, kila Ijumaa watu wakiwa msikitini. Naamriwa, lakini mkono ni wangu."

Nililia mbele za watu, Mjomba. Siku tatu baadaye wakamwachisha kazi. Mwezi mzima hakunisemesha. Nilikuwa nikimwachia chakula mlangoni na kurudi. Halafu asubuhi moja akanifuata mtoni, akakunja suruali, akasema, "Nifundishe kupima."

Sasa kiwanda kimelazimishwa kuchimba mabwawa ya kutuliza maji yake, na Sele ana kibarua kwetu kwenye utafiti. Hakilingani na kazi aliyoipoteza, sikufichi.

Juzi tulinasa jike mmoja. Sele alimfungua mdomo taratibu juu ya beseni, vifaranga vikamwagika, vidogo kama punje za mtama, vyote hai. Akavihesabu mara mbili. "Mpigie Mjomba," akasema, machozi yanamlenga. Nikamwambia nitaandika, kwa kuwa kwenye simu nisingeweza kuyamaliza.

Nisalimie Wanu na Ahmada. Mola akuzidishie afya, akuvushe bahari salama uje utuone. Na ukifika, Mjomba, mkumbatie Sele kwanza, mimi nitasubiri.

Mpwa wako akupendaye daima,
Mastura