Farasi wa Baba na Mbwa wa Saa ya Usingizi

Paso de las Achiras,
Cerro Largo, Uruguay.
Jumanne, 15 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Nicanor,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, wewe, mkeo Birgitta na watoto. Mnaendeleaje? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha? Mpeni asali na limau, na msimlaze nje kwenye theluji eti hewa inamjenga. Hewa ya baridi inafaa nyama, siyo mtoto. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto hunisumbua mvua ikikaribia, mume wangu Wilmar amenenepa mpaka anafunga suruali kwa kamba, na baba, na miaka yake sabini na minane, bado anagombana na redio kila asubuhi.

Nimepata habari kwamba Ofelia alikupigia simu akakwambia baba amechanganyikiwa na anauza farasi wote. Binamu yetu huyo hajawahi kubeba habari ikafika nzima. Teleka maji ya ile chai yetu ya yerba, kaa chini, nikueleze mimi mwenyewe. Ila nianze na hili kwa sababu siwezi kulizuia: tumeshinda, Nicanor! Tumewashinda!

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mwishoni mwa Septemba, saa ya usingizi wa mchana, wakati hata kuku wa hapa wamelala, mbwa wanne waliingia malishoni. Unakumbuka baba anavyowaacha farasi wake. Calandria, yule jike mwenye kengele, hufungwa miguu ya mbele kwa ukanda wa ngozi asiende mbali, na wale farasi maksai tisa, waliohasiwa, wa rangi ya asali hubaki hapo hapo, maana hawawezi kukaa bila kusikia kengele yake. Ndivyo alivyofanya babu, na ndivyo anavyofanya kila mtu kutoka hapa hadi mpakani Brazili. Basi siku hiyo Calandria hakuweza kukimbia, alikuwa anarukaruka tu, na wale tisa wakakataa kumwacha. Walimzunguka, wakaumwa. Alfajor alikatwa mshipa wa mguu wa nyuma. Alfajor, yule uliyemzoesha hatamu mwaka ule kabla hujaondoka.

Baba alimmaliza mwenyewe, hakutaka Wilmar aguse bunduki. Halafu akaenda kukaa nyuma ya zizi mpaka jua likazama, na sikuthubutu kumfuata.

Miaka thelathini, mdogo wangu. Miaka thelathini mzee amebadilishana, amesubiri, amesafiri kwenye minada ya mbali ili apate tisa wa rangi moja wanaofuata kengele moja. Hapa mtu anaweza kuwa na ng'ombe elfu na asisalimiwe kama baba anavyosalimiwa akipita na wale tisa wake.

Utauliza mbwa ni wa nani. Wewe unajua, na mimi nilijua. Ni nani hapa anayefuga mbwa wa kuwinda nguruwe mwitu kama siyo Don Hermógenes, baba yako wa ubatizo? Nilipolitaja jina hilo, baba alinitazama kama nimemtukana marehemu mama.

“Niende kwa kompadre wangu nikamwambie mbwa wako wameniulia farasi? Wewe umewaona nyuso?”

“Nimewaona mikia, baba.”

“Basi nenda kaishitaki mikia.”

Ndiyo hivyo. Kompadre, mtu aliyemshika mwanao juu ya maji ya ubatizo, huwezi kumwendea na jambo la kukisia. Baba alikuwa radhi apoteze farasi kuliko kumvunjia heshima kompadre. Kwa hiyo badala ya kwenda kwa jirani, alifanya kosa ambalo ni sisi tu tungelifanya: aliukaza ule ukanda. Aliogopa Calandria akitishwa tena atavunja uzio na kuwatoa wote barabarani, akamfunga mfupi zaidi. Na mimi ndiye niliyemshikia mguu. Naona haya hata kuliandika.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba mbwa wakarudi, saa ile ile. Hakufa farasi, lakini watano waliumwa, na Calandria alichanwa kifua. Jioni yake baba akasema mezani, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, “Nawauza. Lori la kiwanda cha nyama linapita Jumatatu tarehe kumi na nne. Afadhali waende siku moja kuliko kuliwa kidogo kidogo huku mimi nakoroma.”

Nililia, Nicanor. Nililia mbele yao na sikujificha. Farasi wa baba kwenye lori lile! Na nilijua wakiondoka wao, mzee naye hamalizi mwaka.

Wilmar akataka kutega nyama yenye sumu. Nikamwambia akitega atajipikia mwenyewe mpaka siku ya kufa kwake, maana sumu haiulizi mbwa wa nani, na wa kwanza kuila angekuwa mbwa wetu Pirincho, ambaye hula hata sabuni.

Mimi nikashika kazi ya vidonda. Nilinunua chupa kubwa ya ile dawa ya zambarau aliyokuwa akitupaka mama tukiwa na vidonda mdomoni, nikaichanganya na mafuta ya nguruwe isioshwe na umande. Kila siku, asubuhi na kabla ya chakula cha mchana, nikawa nawapaka, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikupaka vidonda peke yake, nilipaka miguu mizima ya farasi wote. Mikono yangu ikageuka zambarau hadi viwikoni na hakuna sabuni iliyoitoa. Wilmar alipowaona farasi alicheka mpaka kamba ya suruali ikalegea. “Mke wangu, umewavisha soksi za askofu!”

Ni katika kupiga magoti pale karibu na Calandria, siku baada ya siku, ndipo akili ilinifunguka. Nilimwona anavyoinua miguu miwili kwa pamoja ili asogee hatua moja, na wale wanane wanavyomsubiri. Mbwa hawakuwa hodari hata kidogo. Ni sisi tuliokuwa tunawashikia! Nikamwambia baba. Akanijibu kwamba jike la kengele lisilofungwa leo lipo, kesho utalisikia likilia Brazili, na kwamba yeye alikuwa anafunga farasi kabla mimi sijazaliwa.

Alhamisi iliyopita, baba alipoanza kukoroma, nilikwenda malishoni nikaufungua ukanda. Nikajibanza chini ya kinu cha upepo na ukanda mkononi, nikisali sala zote ninazozijua na moja niliyoitunga.

Wakaja. Walitokea upande wa kijito, wanne, bila haraka, kama watu wanaokwenda kula kwao. Calandria aliwaona na, maskini, akaruka kwa miguu miwili kama kawaida, kwa mazoea tu, kana kwamba ukanda ungalipo. Watatu wakawa wameshawavamia wale maksai wa pembeni, wananing'inia miguuni. Nilidhani nimewaua wote. Nikapiga kelele, “Uko huru, mjinga wewe! Uko huru!”

Sijui kama alinisikia au mguu wenyewe ulimwambia. Alipiga hatua moja ya kawaida, kisha ya pili. Halafu akalaza masikio, akashusha kichwa, akawaingia. Nicanor, laiti ungeiona! Kengele ilikuwa inalia kama kanisa linaungua. Mbwa mkubwa alipigwa teke akapaa, na alipoanguka, maksai wanane walikuwa nyuma ya jike lao, wote wamegeuka, wote wanamjia. Waliwafukuza malisho mazima mpaka kijitoni, na mbwa wakavuka kwa kuogelea, wanalia kama watoto wa mbwa. Nami nilikuwa nakimbia nyuma yao na goti langu bovu, natukana matusi ambayo sitayaandika hapa.

Na baada ya hapo farasi hawakwenda Brazili. Waligeuka wakarudi wenyewe, taratibu, kuja kunywa maji.

Baba alikuwa amesimama ugani, amevaa kofia na chupi, basi. Akautazama ukanda mkononi mwangu.

“Nani amemfungua?”

“Mimi.”

“Si nilikukataza?”

“Ulinikataza, baba.”

Alinishika sikio kama nina miaka saba, akalivuta, halafu akanibusu pale pale alipovuta. “Umemwona alivyoingia?” akasema. “Umemwona, binti yangu?” Alikuwa anatokwa na machozi na hakuyafuta.

Lakini lori hakulifuta pia. Alisema leo wamekuja wanne, kesho watakuja saba, na yeye hawezi kuishi chini ya kinu cha upepo. Bila kompadre kuwafunga mbwa wake, kazi bure, na kompadre hashitakiwi. Tukarudi pale pale.

Jumamosi ilikuwa siku ya kutia ndama alama ya moto kwa Don Hermógenes. Hatungeweza kukosa, kwani kompadre asiyefika siku hiyo ametangaza vita. Baba na Wilmar walikwenda na kamba zao, mimi na sahani yangu ya saladi. Kazi ilikwenda vizuri, nyama ikaiva, watu wakakaa. Don Hermógenes, mchangamfu kama siku zote, akapiga mluzi kuwaita mbwa waje wapate mabaki.

Wakaja wanne. Mkubwa alikuwa anachechemea. Na wale watatu wengine, Nicanor, midomo yao ilikuwa zambarau, pua zambarau, mmoja hadi masikioni!

Mjane Eufrasia akaangua kicheko. “Hermógenes, mbwa wako wameiba divai ya padri?”

Watu wote wakacheka. Baba hakucheka. Aliendelea kukata nyama yake vipande vidogo, macho chini. Hata wakati ule hakumshitaki! Mimi nilikuwa nimesimama na sahani, na hapo nikahisi kicheko kinazimika, mtu mmoja mmoja. Walikuwa wanatazama mbwa, halafu wanaitazama mikono yangu.

Don Hermógenes ndiye aliyekuwa wa mwisho kuona. “Ercilia,” akasema polepole, “umepaka nini, mwanangu?”

“Miguu ya farasi wa baba, Don Hermógenes.”

“Wote tisa?”

“Wanane. Wa tisa tulimzika Septemba.”

Alivua kofia. Mzee yule mnene, mwenye sauti ya kujaza uga mzima, alivua kofia akasimama mbele ya baba akiwa mwekundu kama kaa la moto. “Kompadre, mbona hukunijia?”

“Ningekujia na nini?”

“Mimi ndiye ninayewafungua mchana,” akasema, na kila mtu alimsikia. “Wananililia kwenye minyororo, nami nataka nilale. Nikadhani wanakwenda kijitoni kuoga.”

Akawakamata mmoja mmoja kwa shingo mbele ya watu wote, akawafunga kwa mkono wake mwenyewe. Tangu juzi anajenga banda la waya, na Wilmar amekwenda kumsaidia. Kisha akampeleka baba zizini kwake akamwambia achague farasi. Baba akakataa mara tatu, kama inavyopasa, na mara ya nne akakubali dume changa lililohasiwa mwaka jana, rangi ya asali, lenye alama ndogo nyeupe kwenye paji la uso. Baba anajifanya haioni hiyo alama. Mimi nimeiona na nimenyamaza.

Jana lori lilikuja. Lilipiga honi langoni saa mbili asubuhi, na nilipotoka jikoni baba hakuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa juu ya farasi wa kazi! Amevaa shati jeupe na skafu ya siku za sherehe, na nyuma yake Calandria, miguu huru, kengele shingoni, na nyuma yake wale tisa. Tisa, Nicanor, niliwahesabu mara mbili. Akalifungua lango mwenyewe bila kushuka, akapita nao kando ya lori mbio, na dereva ikabidi arudi nyuma mpaka gurudumu likaingia mtaroni. Akatoa kichwa dirishani anakohoa.

“Mzee! Wako wapi wa kupakia?”

Baba hakugeuka. Alinyoosha tu kidole nyuma, kwenye barabara nzima iliyojaa wingu. “Pakia vumbi!”

Basi, hizo ndizo habari zenyewe, na ukimpata Ofelia kwenye simu msomee barua hii yote, usimrukie hata mstari. Wilmar anakusalimu, shangazi Nieves anakusalimu na anauliza kama huko kuna jibini ya maana, na baba yako wa ubatizo anakuomba msamaha kwa ajili ya Alfajor. Amesema nikuandikie hivyo hivyo. Baba hana salamu ndefu. Anasema uje Januari na watoto, kwa sababu farasi mpya bado hajazoezwa hatamu na yeye hataki mtu mwingine ila wewe amguse.

Mungu awafunike nyote na awarudishe kwetu mkiwa wazima.

Wako akupendaye daima, dada yako,

Ercilia