Alama ya Kufuli

Kibera, Nairobi
22 Aprili 2024

Mwanangu Rashidah,

Leo ni tarehe ishirini na mbili Aprili, na tangu nitoke Jinja imetimia miaka arobaini na mitano. Salaam aleikum. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na macho ambayo siku hizi yanataka maandishi makubwa. Mama yako kifua kimepona?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Marehemu baba yako, mdogo wangu Ridwan, hakuwahi kuchora hata jogoo, nawe umekuwa msanii. Unasema Agosti mtakuwa wasanii sita katika duka la zamani la Wahindi pale Jinja, kila mmoja ataonyesha mahali anapodhani ni kwao, nawe umechagua nyumba yetu ya Walukuba, ambamo hujalala hata siku moja. Unatandika ukutani gome la mutuba, lile linalopondwa mpaka liwe kitambaa, unasugua mkaa juu yake, na alama za ukuta zinabaki kwenye gome. Wasoga, wenyeji wa Jinja, huwazika wafu wao ndani ya gome hilo. Nadhani ndiyo maana umelichagua.

Chukua kuta, dirisha, sakafu. Mlango wa chumba cha nyuma usiuguse. Humo alifia bibi yako Fatumah, kwa homa, wiki ile serikali ilipoanguka na sisi Wanubi, tuliohesabiwa watu wake, tukawa tunatafutwa nyumba kwa nyumba. Baba yako alikuwa Mbale; mama nilimzika peke yangu.

Kuhusu kuja kwenye ufunguzi, nitajaribu.

Baba yako mkubwa,
Asadu


Mbale
19 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Waaleikum salaam. Mama amepona na anakusalimu. Anasema goti ulikande kwa mafuta ya simsim ya moto. Hapa mvua imeuficha mlima wiki nzima.

Nisamehe. Mlango niliugusa, kwa sababu ulinikataza.

Upande wa nje, chini ya komeo, mkaa ulionyesha ubao umechimbika nusu duara, kina cha kidole. Kufuli linaloning'inia huchimba hivyo, lakini kwa miaka. Jirani mmoja kizee alikuwa ananitazama huku anamenya ndizi.

“Wewe Mnubi wa Mbale, mlango imekukosea nini, unaipaka masizi?”

“Naichora, Jaja.”

“Kama ni kuchora, chora mimi. Mimi niko na uso.”

Anaitwa Naigaga; mtaa mzima unamwita Jaja, kama bibi yao. Nilipotaja jina la Bibi, aliweka kisu chini. Nakuandikia alivyosema:

“Fatumah hakuwa na homa. Kijana yake mkubwa alimfungia ndani, akatia kufuli kwa nje, ili maaskari wafikiri nyumba ni tupu. Alisema, ‘Mama, nyamaza, nakuja na gari saa kumi.’ Siku ya tatu nilivunja kufuli na jiwe. Alikunywa maji, akauliza kama gari imefika. Halafu akanituma sokoni kununua kufuli ingine. Kila siku saa kumi ikikaribia anaingia, ananiita nimfungie. Jua likianguka namfungulia. Nilimwambia, ‘Fatumah, utanifanya watu waseme nafuga mtu.’ Akasema, ‘Asadu akija, anikute pale aliniacha.’ Miaka kumi na moja, mpaka tukamzika.”

Baba Mkubwa, ni kweli? Baba alikufa akijua ni homa. Gome la mlango nimelikunja. Sitalitundika bila neno lako.

Binti yako,
Rashidah


Jinja
2 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Salaam. Tangu Mei sina habari zako. Nauliza afya yako kwanza, kabla ya yote.

Ufunguzi ni tarehe kumi. Kuta tatu zimeshatundikwa, na nafasi ya mlango nimeiacha wazi. Oktoba tutayahamishia Mbale maonyesho yote. Jaja Naigaga anasema nikuambie hivi: Bibi hakukulaani hata siku moja. Watu walipomcheka, alijibu kwamba siku hizi gari zimekuwa chache.

Njoo.

Binti yako,
Rashidah


Kibera, Nairobi
14 Septemba 2024

Mwanangu Rashidah,

Natumaini wewe na mama yako hamjambo. Mimi napumua.

Ni kweli yote. Kufuli nilifunga kwa mkono wangu. Gari lilikuwepo: lori, njia ya Iganga, limebakiza nafasi ya mtu mmoja, na injini inanguruma. Nikapanda. Nilipofika Mbale baba yako aliniuliza, “Mama yuko wapi?” Nikasema homa. Kisha tukavuka mpaka pamoja; baadaye yeye alirudi Mbale, mimi nikabaki huku, na sikuuliza mtu yeyote tena, kwa kuogopa kuambiwa alikutwaje.

Miaka hiyo yote nimemsomea dua za maiti. Kumi na moja kati ya hiyo nilimsomea mtu aliye hai, aliyekaa kitandani saa kumi akisikiliza barabara.

Tarehe nane Agosti nilipanda basi hadi Malaba. Afisa wa uhamiaji, binti wa umri wako, alikuwa na adabu.

“Unaenda wapi, mzee?”

“Jinja.”

“Karibu nyumbani. Nani anakungoja huko?”

Ni swali analomwuliza kila mtu. Nilisimama mpaka walio nyuma yangu wakaanza kunung'unika, “Mzee, jibu basi, jua kali!” Nikaomba kitambulisho changu, nikapanda basi la kurudi Nairobi.

Angekuwa amenilaani, ningekuja kuomba radhi kaburini. Lakini alinitetea, na sina ninachoweza kulipelekea kaburi hilo.

Mbale tundika gome la mlango. Chini yake andika jina langu lote, na nilichofanya, kwa maneno ya kawaida. Mama yako umsomee barua hii. Naigaga mpe shukrani zangu, ingawa hazitoshi.

Usiniachie nafasi tena. Sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Asadu