Njuga za Mguu wa Kushoto

Mama yangu, shikamoo.

Kuna mlio mmoja niliokuja nao mpaka huku Cape Town bila kujua kuwa ninao. Ni wa njuga. Cha, cha, halafu kimya kidogo, kama mtu anayemeza mate, ndipo inakuja cha ya tatu. Kwa nini nimeanza na mlio kabla ya kukujulia hali, utaona mbele.

Hujambo lakini? Mgongo umepoa? Ule mkanda wa cherehani niliokutumia uliingia, au fundi amekuzungusha tena? Najua msimu wa sare za shule umefika na vitambaa vimekunyang'anya kitanda.

Mimi ni mzima, na safari hii sikudanganyi ili ulale vizuri. Upepo wa huku hauna adabu, unamsukuma mtu mgongoni kama askari, na kuna jioni ambazo chumba kinakuwa kimya mno. Lakini nimezoea. Jumamosi napika ugali na samaki, na Lindiwe, binti ninayefanya naye kazi, anakuja kula. Amejifunza neno "karibu", ila huwa analisema anapoondoka.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako unaiweka spika, Mama, na Mjomba Bakari hakosi hapo barazani. Jambo hili sitaki kaka yako alisikie. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumpa barua mwenzetu anayerudi Mtwara. Isome ukiwa peke yako.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini siku nzima mbele ya kompyuta, nikakujibu ovyo. Ngoja nijaribu tena. Katuni haitembei yenyewe. Lazima mtu aifunge mifupa na viungo. Kwenye kioo nina visanduku vidogo, tunaviita nodi, na kila kimoja kinajua kazi moja tu. Kimoja kinakunja goti. Cha pili kinapokea habari za goti na kuvuta nguo. Cha tatu kikisikia kisigino kimegusa mchanga, kinatimua vumbi. Mimi navuta nyuzi kutoka kisanduku hiki hadi kile, mpaka ukigusa kimoja vyote viitike. Ni kama wewe unapounga kola: ukivuta pasipo pake, bega zima linakwenda upande. Naipenda kazi hii kiasi cha kusahau kula.

Sasa tunatengeneza filamu fupi ya ngoma, na itaanza kuonyeshwa huko kwetu, Mtwara mjini na vijijini, mpaka Madimba. Meneja wetu, Riaan, aliposikia natokea huko alinikabidhi lipiko. Nikawaeleza kuwa ndiye yule mwenye kinyago kichwani, nguo mwili mzima na njuga miguuni, anayetoka watoto wakirudi jandoni. Na kwamba sisi wanawake tunaambiwa ni mzuka.

Nikamshughulikia. Kinyago kikageuka vizuri, njuga zikalia. Nilipobonyeza aanze kucheza, nguo zote zikaporomoka chini, rundo, na kinyago kikabaki kinaning'inia hewani kikitutazama. Lindiwe akaangua kicheko.

"Somoe, mwili uko wapi?"

"Mwili gani?"

"Wa mtu! Aliyemo ndani!"

Mama, sikuwa nimeweka mtu. Haikunijia hata kidogo. Nimesomea kazi hii, nimefunga mifupa ya farasi, ya watoto, ya kuku, lakini kwa lipiko mikono yangu ilikwenda kama mlivyonilea: mle ndani hamna mtu. Riaan alicheka mpaka akafuta machozi, akasema kosa kama hilo hajapata kuliona. Nami nikacheka.

Jumapili yake nilikupigia, kama unakumbuka, nikauliza kijuujuu kama kumchora lipiko kuna ubaya.

"Ubaya gani?" ulisema. "Mzuka achorwe tu. Ila asifanane na mtu."

Mara nikamsikia Mjomba nyuma yako: "Mwambie amchore mwenye nguvu! Si hawa wa siku hizi, wanacheza kama wanakanyaga mayai!"

Ulicheka, Mama. Ulicheka kupita utani wenyewe.

Basi nikaweka mwili usio na sura, wa kushikilia nguo tu. Zamani ulikuwa unanivisha mimi sare za watu kabla ya kuzipindia, ukisema nguo haijijui mpaka ipate mabega, ndivyo nilivyofanya. Lakini njuga zilinikera. Zililia sawasawa mno, kama saa ya ukutani. Nikaongeza kisanduku kimoja cha kuchelewesha, kati ya nyonga na mguu wa kushoto. Sikufikiri. Nilisogeza taratibu, huku na huku, hadi sikio likaridhika.

Nikawaita wenzangu wasikilize. Riaan akavua miwani.

"Hapo," akasema. "Sasa yumo mtu."

Akaamua filamu ifunguliwe kwa mlio ule: giza tupu, njuga peke yake, ndipo picha. Mkataba wangu wa kudumu, akasema, tutauzungumza nikishakabidhi kipande hicho. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha, natembea na upepo bila kugombana nao. Nikawa naosha vyombo huku nauimba mlio wangu mpya, cha, cha, kimya kidogo, cha. Ghafla nikahisi mkono wako mdomoni.

Unakumbuka? Nilikuwa mdogo, tuko Madimba, lipiko anatufukuza na wanawake mnakimbia na kumzomea: "Mzuka huna haya! Rudi makaburini ulikotoka!" Mimi sikukimbia. Nilisimama nasikiliza miguu yake, nikaanza kusema, "Mama, huyu si..." Mkono wako ukanifunika mdomo, unanukia chaki ya kushonea. "Ni mzuka," uliniambia. "Umesikia? Mzuka."

Jioni Mjomba akaja kula. Vumbi lilikuwa bado limemkaa vifundoni.

"Nasikia lipiko alitoka leo," akasema. "Mimi nilikuwa shambani. Vipi, alicheza?"

"Aa, wa kawaida tu," ukamjibu bila kuinua macho. "Yule wa mwaka juzi alikuwa hodari zaidi."

Mjomba akaacha kutafuna. "Wa kawaida?"

"Miguu mizito."

Bibi alicheka mpaka akapaliwa na mchuzi.

Pale kwenye vyombo vyangu, Mama, ndipo nilipoelewa kuwa nilichosifiwa si ufundi wangu. Tangu gunia la korosho limwangukie bandarini, mguu wa kushoto wa Mjomba hufika baadaye kidogo kuliko yeye mwenyewe. Nilikuwa nimemweka ndani ya lipiko, yeye hasa, na hatua zake.

Najua utasema hujui ninachozungumza. Sawa. Wanawake wote wa Madimba hawajui. Hawajui tangu Bibi alipovuka Ruvuma kuja upande huu, nao wataendelea kutojua vizuri kabisa. Lakini kutojua kwa namna hiyo kunataka kila mtu ashike upande wake wa kitambaa. Nikawaza: uwanja umejaa, wazee wa jando wapo, watoto wako mbele, na Mjomba amepewa kiti kizuri kwa kuwa ni kazi ya mpwa wake. Taa zinazimwa. Katika giza lile mguu wake unaanza kulia. Nani angemtazama, na nani angejifanya hamtazami? Mwenyewe angeficha wapi uso? Na jina langu lingekuwa palepale chini ya picha.

Siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Unanijua, nikiwaza nasahau hata kuitika. Mlio ule ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Hilo nakuambia wewe tu.

Nisalimie Bibi, umwambie koti alilonishonea kwa mkono ndilo ninalovaa kazini. Msalimie shangazi wa sokoni, na mdogo wangu, asome, aache kuzurura na bodaboda. Msalimie jirani yetu mwalimu na mkewe. Na Mjomba msalimie sana. Mwambie ushauri wake nimeufuata, lipiko wangu ana nguvu na hakanyagi mayai.

Jana asubuhi, Mama, nilikikata kile kisanduku cha kuchelewesha na kuunga nyuzi moja kwa moja, kisha nikakabidhi. Riaan alisikiliza mara mbili.

"Kwa nini umeharibu?" akauliza.

"Mguu ule ulikuwa na mwenyewe," nikamwambia, "na mwenyewe hajaombwa."

Hakufurahi. Ya mkataba hakuyataja, nami sikuuliza. Lakini usiku nililala fofofo. Kipande kimeshakwenda kuunganishwa na filamu, hakirudi tena. Lipiko wangu ana miguu mizima yote miwili, inalia sawasawa, na mimi simjui ni nani.

Mwanao,
Somoe