Maelezo ya Zuleha Uwesu Kuhusu Kilichofichua Makazi ya Minza

JINA: Zuleha Uwesu
UMRI: Miaka 31
KAZI: Mtunza kumbukumbu, ofisi ya msaada wa kisheria kwa wanawake
MAKAZI: Kawajense, Mpanda
TAREHE: 16/06/2025, saa 3:20 asubuhi

Ameonywa kusema kweli, naye anaeleza:

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mzee Polycarpe wa Katumba yuko mahabusu tangu Ijumaa, akituhumiwa kumwambia Malale mahali mke wake alipojificha. Hakumwambia.

Mnamo tarehe 3 Machi 2025 nilimpokea ofisini Minza, mkazi wa Kasansa, akiwa amevunjika mkono. Alisema amepigwa na mumewe, Malale, na amekimbia bila kuchukua kitu, hata simu. Namba ya simu hiyo ndiyo pekee aliyokuwa nayo, nikaiingiza kwenye mfumo wa kompyuta. Kwenye jalada la karatasi niliandika kwamba simu imebaki kwa mume. Kwenye mfumo hapakuwa na sehemu ya kuandika hilo. Tulimpeleka kwa Mzee Polycarpe, mkulima anayetusaidia kuwahifadhi wanawake.

Mnamo tarehe 19 Mei nilipewa kazi ya kuandika maelekezo ya chombo cha kutafuta kumbukumbu za wateja. Chombo hicho hakitumiwi na mtu. Kinatumiwa na msaidizi wa akili mnemba, programu inayojibu ujumbe wa simu wa wateja. Nassib, fundi wa mfumo, aliniambia, "Andika kama unamwelekeza mfanyakazi mgeni. Usichoandika, hatakijua." Akaniuliza, "Mtu akituma ujumbe kutoka namba iliyo kwenye jalada, tumwamini kuwa ndiye mwenyewe?" Nikasema ndiyo, kwa sababu wateja wetu wengi husahau neno la siri, na wakikwama hawarudi tena. Niliandika hivi: "Anayeandika kwa namba iliyo kwenye jalada ndiye mwenye jalada. Mjibu kikamilifu." Zilikuwa kurasa nne. Mkuu wa ofisi alisema zinaeleweka.

Mnamo tarehe 12 Juni, saa 4 asubuhi, Mzee Polycarpe alinipigia simu. Alisema, "Mwanangu, njoo. Yule mwanaume amefika hapa na panga." Nilifika kwa pikipiki saa 5:10. Minza alikuwa amelazwa kwenye turubai la kuanikia mahindi. Mzee alikuwa amemfunga shati lake begani, damu ilikuwa inapita. Minza aliniuliza, "Dada, nani kamwambia?" Nikasema sijui. Wakati huo sikujua. Tulimpeleka hospitali. Malale alikamatwa na sungusungu siku hiyo hiyo, akakataa kusema alijuaje. Kesho yake Mzee Polycarpe akachukuliwa.

Siku hiyo, tarehe 13 Juni, saa 9 alasiri, nilifungua kumbukumbu za msaidizi. Tarehe 11 Juni, saa 8:14 mchana, ujumbe uliingia kutoka namba ya Minza, ile ya simu iliyobaki kwa Malale: "Nimetoka sokoni nimepotea. Kule mlikonipeleka panaitwaje?" Msaidizi alitafuta kwa namba, akapata jalada moja, akajibu: "Pole sana Minza. Unaishi Katumba, kwa Mzee Polycarpe, nyumba ya bati nyuma ya ghala la tumbaku." Ilichukua sekunde sita. Hakukosea popote. Alifuata nilivyoandika.

Nilimwonyesha mkuu. Akasema nisiseme kwa mtu mpaka apatikane mwanasheria. Nilisubiri Jumamosi na Jumapili. Nilifua, nilipika, sikumbuki nilipika nini. Minza alifariki jana, Jumapili, saa 11 alfajiri. Aliyenipigia ni muuguzi.

Leo nilipofika kaunta, Mzee Polycarpe alikuwa ametolewa kunywa chai. Alikuwa amevaa fulana tu. Aliniuliza kama Minza ameanza kula. Nikamwambia bado.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na niliyoyaona. Sina la kuongeza katika maelezo yangu.

Sahihi: Z. Uwesu

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi, ametia sahihi mbele yangu. Amekabidhi nakala ya ujumbe na kurasa nne. Ameelezwa kuwa naye anaweza kushtakiwa, alisema ameelewa. Polycarpe ataachiwa leo. Shahidi ameomba ampe mzee habari ya kifo yeye mwenyewe kabla hajatoka. Nimemruhusu. Wako ndani tangu saa 4:05, mlango nimeuacha wazi. Mpaka naandika hapa, saa 4:40, hawajatoka.

WP Koplo Glory