Kiti Kando Yangu

Tassia, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Winny,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako Nthenya, nyingi hata Kisilu anayekuletea barua hii atalalamika kwamba mzigo ni mzito. Alikuja Pumwani kuleta vinyago vyake na kesho anarudi, kwa hivyo nimemshika kabla hajatoroka. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Sijui nyinyi huko Wamunyu mna hali gani. Mwaitu mama yetu bado anakataa dawa ya presha, au amekubali kuimeza na uji kama nilivyomwambia? Na yule mbuzi wa pembe moja, alizaa? Huku mvua ilinyesha siku mbili ikatuachia matope ya mwezi mzima.

Najua unajiuliza mbona nimeandika na simu ninayo. Simu ninayo, tena ya kugusa. Lakini nikishika simu naanza mzaha, wewe unacheka, salio linaisha, na lile nililokupigia linabaki kooni. Karatasi haicheki. Na usisahau kwamba darasa la sita, kabla sijaacha, insha yangu ndiyo iliyosomwa mbele ya shule nzima, mwalimu akasema nikiendelea nitakuwa mtangazaji wa redio. Sikuendelea. Lakini kalamu haijanisahau.

Jambo lenyewe ni lile uliloniuliza mwezi uliopita. Ulisema Winny amekupigia kutoka Doha akilia, kwamba kwenye basi la kwenda kazini kuna mwanamume anayejibanza kwake kila siku, naye ni mgeni, lugha hana, akisema neno anaogopa yeye ndiye ataonekana mbaya. Ukaniuliza umwambie nini, kwa sababu katika ukoo wetu mtu wa magari ni mimi. Sikufikiri hata dakika. Nikakwambia amtafute mama mtu mzima, akae kando yake. Ukanishukuru, ukasema kweli kuishi Nairobi ni shule.

Dada, hiyo asante yako imenikaa tumboni kama ugali mbichi.

Unajua nilivyowaeleza kazi yangu. Kwamba niko kwa usafiri, upande wa abiria, na magari ya steji yetu hayaondoki bila mimi. Si uongo, hayaondoki. Hapa Tassia wananiita Madam, na hata askari wa trafiki hunisalimia kwa mikono miwili. Nimeongea na Wasomali, Wahindi, Wachina wa barabara, na Mzungu mmoja aliyepotea akitafuta Donholm. Wote niliwaelekeza, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu alianza kupanda magari yetu mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu hata huinama mlangoni. Anaitwa Kaneza, ni Mrundi. Anashona magauni ya harusi mjini kwa mama mmoja anayeitwa Lenah. Kiswahili chake ni cha kwao, kinapanda na kushuka kama mtu anayeimba pole pole, kwa hivyo akisema tu habari ya asubuhi, gari zima linajua hakuzaliwa hapa. Siku ya kwanza aliingia, akatazama viti vyote, akaniona mimi safu ya tatu na leso yangu, akaja moja kwa moja. Nikampisha akakaa dirishani. Baadaye akaniambia mama yake alimwagiza hivyo wakati wa kuagana: nchi ya watu, kaa kando ya mama.

Ikawa kila asubuhi. Na kila asubuhi alinieleza ya jana. Bedan, kondakta wetu, mtu mzima na ndevu zina mvi, alimwita Bujumbura mbele ya watu, akamshika kiuno ati anamsaidia kupanda, akamtoza nauli ya juu ati wageni wanakaa nafasi kubwa. Watu walicheka. Wengine walimwuliza kama huko kwao wanaume wameisha. Na kulikuwa na mmoja wa koti la kijivu, mtu wa ofisi, kiatu kinang'aa. Huyo hakusema kitu. Alikaa kando yake, akafunua gazeti mapajani, na mkono wake ukasafiri chini ya gazeti kutoka hapa hadi mjini. Siku Kaneza alipopaza sauti, mtu huyo alimwuliza kwa upole kabisa, kila mtu akisikia, kama ana karatasi za kuwa Kenya. Dada, abiria waligeuka wakamtazama Kaneza. Hawakumtazama yule bwana.

Karatasi anazo. Ziko na muhuri, amezitia kwa plastiki ndani ya mkoba. Lakini aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Mama, karatasi inasema naruhusiwa kukaa. Haisemi kwamba sidanganyi."

Basi mimi nikajifanya mkubwa. Nikampa pini ya leso, nikamwonyesha pa kuchoma. Nikamfundisha tusi moja la Kikamba ambalo Mwaitu asisikie, na yeye akalitamka kwa ile sauti yake hata likasikika kama baraka ya kanisani. Nikamwahidi nitaenda kwa Mugo, mwenyekiti wa steji, na kweli nilienda. Mugo alinisikiliza akitafuna muwa. Akasema kitu kizuri lazima kitazamwe. Kisha akaniuliza tangu lini nimekuwa wakili wa abiria, na kama najua ni wanawake wangapi wanataka nafasi yangu. Nikarudi kwa Kaneza nikamwambia mwenyekiti ametetemeka, mambo yamekwisha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Hayakuwa yamekwisha. Siku moja hakuja, na ya pili hakuja. Ya tatu nikamwona kando ya barabara akipita kwa miguu, viatu mkononi, matope hadi kwenye magoti. Kumbe alikuwa akitembea hadi mjini. Anafika amechelewa, na Lenah alikuwa amemwonya kwamba akichelewa wiki moja tena, cherehani itapewa mwingine. Na bila ile cherehani, dada, hana kodi ya nyumba wala cha kutuma kwao. Nikamkimbilia na goti langu hili. Nilidhani atalia, lakini hakulia. Alisema amechoka tu, kwamba kabla hata hajafika kazini tayari amefanya kazi ya siku nzima, ya kujilinda mwili.

Halafu akaniuliza, kwa aibu, kama mimi ni mgonjwa. Alikuwa ameona kwamba kila siku gari likitaka kuondoka mimi husimama nikashuka. Akafikiri nina ugonjwa wa kuogopa gari likitembea. Alikuwa ananiombea.

Hapa ndipo nilipokuwa nakuja, dada. Kama umesimama, kaa.

Kazi yangu ni kukaa. Gari likiwa tupu, abiria hawaingii, wanajua litachelewa. Kwa hivyo sisi watu wachache tunalipwa kidogo tukae ndani tukitazama saa kama wenye haraka, ndio wengine waone linajaa. Wakiingia wa kweli, Bedan anapiga bodi ya gari mara mbili, nasi tunashuka mmoja mmoja, tunaingia lile lingine. Kazi hii haina jina. Ninawaambia niko kwa usafiri na nina miaka tisa sijafika mjini. Mimi ndiye msafiri mkubwa kuliko wote Tassia, na safari zangu zote zinaishia pale pale zilipoanzia.

Na hilo si baya sana, kila mtu na riziki yake. Baya ni hili. Bedan hakuniweka safu ya tatu bure. Alijua mwanamke aliye peke yake anatafuta mama wa kukaa naye, akiona leso anaingia. Mimi ndiye nyama kwenye mtego. Na nikishuka, kiti kando ya yule mwanamke kinabaki wazi, naye amefungiwa dirishani.

Bado sijamaliza. Yule wa koti la kijivu alikuwa anakuja kwangu mapema, kabla gari halijajaa, na mandazi mawili ya moto kwa karatasi. Ananiambia, "Mama, usiinuke mpaka unione mlangoni." Nami siinuki. Bedan anaweza kupiga bodi mara nne, nangoja nimwone mlangoni ndio nampisha. Zaidi ya miezi miwili, dada. Nilijua. Usiniambie labda sikujua, nilijua tangu siku ya kwanza ya gazeti. Na yale mandazi, moja nilikula, moja nilimpa Kaneza, kwa sababu alikuwa anatoka nyumbani bila chai na nilimwonea huruma.

Jumatatu iliyopita nilimwomba Kaneza apande mara moja tu. Akapanda. Tukakaa. Bedan akapiga bodi mara mbili, sikuinuka. Akapiga tena, akaingiza kichwa akaniuliza kama Madam amelala. Nikatoa nauli nikampa, nikamwambia leo nasafiri. Akacheka hadi akashika mlango, akaniambia niache vichekesho. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtu wa mzaha miaka yote, ukisema neno la kweli watu wanangoja mwisho wake wacheke.

Yule bwana naye alikuwa mlangoni na mandazi yake. Akasema hicho kiti ni chake. Nikawaambia watu wote waliokuwa ndani mkono wake unafanya nini chini ya gazeti. Ungetarajia wasimame wamfukuze. Hapana. Wengine walicheka, mmoja akatazama nje, na mama mmoja nyuma akasema tuache kuwachelewesha, wana kazi. Kuchelewa ndiko kulikomsumbua Bedan. Akamwambia yule bwana apande linalofuata, tukaondoka.

Njiani nikamweleza Kaneza yote, kama nilivyokueleza wewe, bila kupunguza. Hakunikatiza.  Tulipofika karibu na mjini akaniuliza, "Na mandazi?"

Nikamwambia ndiyo, na mandazi.

Alishuka akaenda kazini, akafika kwa wakati. Hakuniaga. Mimi nikasimama mjini kama mtu aliyetoka jela, majengo siyajui, na nauli ya kurudi sina. Nikarudi kwa miguu, njia ile ile aliyokuwa anatembea yeye. Goti hili lilinihesabia kila hatua. Nilipofika steji, safu ya tatu ilikuwa imepewa mama mwingine, mpole wa sura, kitambaa cha kanisa kichwani. Mugo anajua kuchagua.

Kwa hivyo kazi sina, na huo ndio ukweli. Sasa nauza chai ya chupa hapo hapo kando ya steji, na usiwaambie watu ni hoteli, ni thermos mbili na benchi. Lakini kila mwanamke anayepita peke yake namwambia, hata kama hanunui: yule mama wa safu ya tatu hasafiri. Wengine wananiona mwendawazimu. Bedan ameapa atazipiga teke thermos zangu. Nimemwambia azipige zikiwa zimejaa, aone chai ya Mkamba ilivyo moto. Nilicheka nikisema hivyo, lakini dada, nilikuwa nimechoka sana.

Kaneza alipita siku tatu bila kunitazama. Ijumaa alisimama. Hakunisalimia. Alisimama tu akitazama gari, akaniuliza leo ni yupi. Nikamwambia yule wa nyuma, mwenye mkoba wa kijani, nimemwuliza mwenyewe, anashuka mjini. Akaenda akakaa kando yake. Hakusema asante, na nisingejua pa kuiweka.

Sasa mpigie Winny. Mwambie ushauri wa mama yake mdogo ulikuwa nusu. Kabla hajakaa amwulize huyo mama anashukia wapi, hata kwa kuonyesha kidole. Na yeye mwenyewe akimwona mgeni amebanwa, asiinuke kabla ya kituo chake.

Mwaitu usimsomee barua hii mpaka awe amemeza dawa, na ukimsomea, ruka lile la tusi. Nisalimie Muthama na watoto wake, na majirani wote wanaoniuliza; waambie niko, sijaanguka, nimeketi tu kwa benchi langu. Mpe Kisilu kikombe cha uji kwa kazi ya kubeba, na umpe jibu arudi nalo. Ukinitukana, nitukane kwa maandishi, nisome pole pole.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Nthenya,
aliyekuwa kwa usafiri