Sauti Nyuma ya Kikohozi cha Mama

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
20 Februari 1974

Dada mpendwa Marietha,

Shikamoo. Mimi huku mzima, joto tu ndilo linalonionea. Mama anaendeleaje na kifua? Mvua zimeshika, au uwele umeanza kukunja majani?

Habari ya huku ni mashine. Mwaka huu walimu wote wa chuo, hata wale wenye mvi, tumerudishwa darasani kujifunza vyombo vya kufundishia: projekta ya kutupa picha ukutani, na tepurekoda. Anayetufundisha ni fundi mmoja, Bwana Bonaventura, mtu wa utani. Ungecheka, dada. Mzee mmoja wa hesabu, ambaye wanafunzi humtetemekea mwaka mzima, alipowekewa maikrofoni mdomoni alisahau hata jina lake.

Kila mwalimu ametakiwa aandae somo kwenye utepe awasikilizishe wenzake. Mimi nafundisha historia, nikachukua ule utepe niliomrekodi Mama siku za Krismasi, akisimulia njaa ya utotoni mwake. Watu walitulia tuli. Mama akafika pale anaponyamaza kidogo na kukohoa. Nyuma ya kikohozi ikasikika sauti ya mwanamume, kwa Kinyaturu: "Mama, nimefika. Nifungulie."

Ninavyokumbuka, ndani tulikuwa sisi watatu tu. Ilikuwa mchana, na mlango ulikuwa wazi. Nani alikuwa nje?

Mdogo wako,
Alute

*

Ikungi
14 Machi 1974

Mdogo wangu Alute,

Marahaba. Sisi tunashukuru Mungu. Kifua cha Mama kimelegea kidogo, uwele umesimama vizuri, ila ndege hawatupi nafasi. Darasa langu la kisomo cha watu wazima linaendelea. Wazee sasa wanaandika majina yao na kuyashangaa.

Nje hapakuwa na mtu. Nimejaribu kukumbuka, hapakuwa na mtu, na mbwa hakubweka. Barua yako niliisoma nikiwa zizini, nikaificha kifuani kabla ya kurudi ndani.

Alute, wewe ulikuwa masomoni kaka yetu Paskali alipopotea, ndiyo maana huogopi. Alikwenda pori la Rungwa kutundika mizinga ya nyuki, wenzake wakarudi na koti lake na kisu chake. Yeye hawakurudi naye, wala maiti haikuonekana. Mama alikataa matanga. Mpaka leo anamwekea ugali kwenye bakuli lake, asubuhi anawapa kuku.

Sasa kuna hili la kuhama. Serikali imesema nyumba zetu zote za tembe za huku maporini zibomolewe, watu waende kijiji kipya kando ya barabara ya Dodoma. Majirani wameanza kwenda. Mama hataki. Balozi wa nyumba kumi amekuja kumbembeleza, akamjibu: "Paskali akirudi atamkuta nani hapa?" Wasioondoka kwa hiari, wanamgambo watakuja kuwabomolea paa.

Akisikia utepe huo hataondoka hata nyumba ikimwangukia. Usimwandikie habari hiyo. Nakuomba kama dada yako, usiilete hapa sauti hiyo.

Dada yako,
Marietha

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
11 Aprili 1974

Dada Marietha,

Shikamoo, na pole kwa mahangaiko. Mimi afya ipo, usingizi ndio uliopungua.

Nilimweleza Bonaventura. Akacheka, akasema utepe huo umetumika kabla yangu, maneno ya zamani hayakufutika sawasawa. Akachukua mkasi, akakikata kile kipande, akaunganisha ncha kwa gundi. Tukasikiliza. Mama anasimulia, anakohoa, kimya. Nikapumua. Mbele kidogo, mahali ambapo kabla hapakuwa na kitu, sauti ikaja tena, karibu zaidi, kama mtu aliyeigusa maikrofoni kwa midomo. Safari hii haikumwita Mama. Ilisema: "Alute, nifungulie."

Bonaventura ni mtu wa pwani, hajui Kinyaturu hata neno moja. Lakini jina langu alilisikia. Aliacha utani. Alikusanya zana zake akasema ana kazi upande wa pili.

Dada, ilikuwa sauti ya Paskali. Namna ile ile alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, akivuta mwisho wa jina. Nilibaki peke yangu na mashine, jua linawaka dirishani, wanafunzi wanapita nje wakicheka. Nilimwonea huruma. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamjibu: "Karibu, kaka. Mlango uko wazi."

Tangu hapo nimeusikiliza utepe mara nyingi. Hayumo. Amebaki Mama na kikohozi chake. Sijui ameenda wapi.

Mdogo wako,
Alute

*

Kijiji Kipya, Ikungi
2 Juni 1974

Alute,

Salamu. Mama mzima, mimi mzima. Unisamehe kwa kuchelewa. Utaona kwa nini.

Siku chache baada ya Pasaka, adhuhuri, Mama alikuwa kizingitini anapepeta uwele, mimi nimekaa nyuma yake. Barua yako ya Aprili ilikuwa bado haijafika, sikujua kwamba umeijibu sauti. Sauti ikaita kutoka uani: "Mama, nimefika. Nifungulie."

Uani hapakuwa na mtu. Mbuzi wote walikuwa wamesimama, wamegeukia upande mmoja.

Niliinuka mbio. Mama akanikamata kanga. "Kaa chini."

"Mama, ni Paskali!"

"Ni sauti ya Paskali," akasema. "Mwanangu angeona kwamba mlango uko wazi."

Iliita mpaka jua likainama. Mara inabembeleza, mara inalia kama mtoto. Mama hakuacha kupepeta. Machozi yalimdondokea kwenye ungo, mkono wake haukusimama. Mimi niliziba masikio.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa balozi, akamwambia walete watu watoe paa. Wanamgambo walipokuja na fimbo zao walikuta mizigo imeshafungwa. Njiani nilimuuliza amebadilishwa na nini. Akauweka sawa mzigo kichwani, akasema, "Aliyeichukua sauti yake alishamchukua yeye. Sina tena wa kumsubiri."

Tumeweka matanga, Alute. Padre amesoma misa bila jeneza. Mama amelia kilio cha miaka mitatu, na jana amekula akashiba, mara ya kwanza tangu Paskali apotee.

Barua yako ya Aprili nimeipata huku, nikamsomea. Akauliza neno moja tu: "Alimjibu kwa sauti yake mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatoka nje.

Njoo nyumbani tukuone. Na usimjibu mtu tena kwenye mashine hiyo.

Dada yako,
Marietha

*

Chuo Kikuu, Dar es Salaam
19 Juni 1974

Dada Marietha,

Shikamoo, na shikamoo Mama. Barua hii nampa dereva wa lori la mafuta anayeondoka leo kuja Singida. Atawafikia kabla yangu.

Leo yule mzee wa hesabu alileta somo lake, amelirekodi mwenyewe chumbani, sasa hana woga tena. Alipokuwa anaeleza pembetatu, akasikika mtu mwingine. Walimu wote waligeuka wakanitazama. Mzee akasema, "Alute, uliingia lini kwenye utepe wangu?"

Ilikuwa sauti yangu, dada. Kabisa. Ilisema kwa Kinyaturu: "Mama, nimefika. Nifungulie." Kisha ikanyamaza, na somo likaendelea. Tumelirudisha mara ya pili, haimo tena.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Ijumaa napanda treni mpaka Dodoma, kisha basi. Jumapili nitakuwa hapo kijijini. Mwambie Mama mpaka siku hiyo mimi niko njiani. Akiita mtu kwa sauti yangu kabla ya hapo, hata akitaja majina yenu yote, hata akilia, msiitike.

Nami nikifika sitaita. Nitasimama mlangoni kimya, mpaka mmoja wenu anione.

Mdogo wako,
Alute