Dakika Tisa za Pearl

Jumapili, 3 Agosti

Chai, mkate, basi la wafanyakazi, ofisini Abu Hamour kabla ya saa moja. Kompyuta ilichukua muda wake kuamka, nami nikachukua wangu. Naipenda saa hii. Safari zote za mabasi ziko kwenye kioo, mistari ya mshazari inayopanda na kushuka, na hakuna hata basi moja lililochelewa. Doha ya kwenye mchoro haina foleni wala joto. Ningehamia huko.

Bwana Samir, meneja wetu, amekuja na wazo. Basi la kutoka Najma likifika Pearl, mwisho wa njia, husimama dakika tisa kabla ya kugeuza. Kwenye vitabu vyetu huo ni muda wa kurekebisha: basi likichelewa njiani, linajirekebisha hapo. Madereva wanaziita dakika za kupumua. Anataka zibaki tatu, ili njia iendeshwe kwa basi moja pungufu. Nipande, nipime, nimpe jibu Alhamisi.

Nimebandika tangazo kwenye ubao wa madereva: kesho na keshokutwa mpangaji ratiba atakuwa ndani ya basi akipima muda. Ni adabu tu. Sipendi kumvizia mtu kazini.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepanda na Barasa. Mtu wa Bungoma, miaka kumi na miwili Doha, ananiita sista ingawa angeweza kuwa baba yangu mdogo. Karatasi magotini, saa mkononi. Kiyoyozi kikinipuliza usoni, majengo marefu yakielea kwenye vumbi jeupe. Nikawa kama nimelala macho wazi. Mtu mmoja alikuwa anakimbilia kituo, mkono juu, mfuko wa nailoni ukipepea. Akawa mdogo, akazidi kuwa mdogo, akatoweka. Nilimwona vizuri kabisa. Sikuwaza lolote.

Tumefika Pearl dakika tano kabla ya wakati. Barasa aligeuka akitabasamu kama bwana harusi. Nikaandika tano.

Jumanne, 5 Agosti

Madereva wengine watatu, hivyo hivyo. Wote mapema.

Nimeingiza namba, nikavuta mistari, ikakubali. Basi moja likatoka kwenye njia taratibu, kama uzi unaochomolewa kwenye kitambaa na kitambaa kisifumuke. Nimejivunia. Naandika hivyo ili nisije nikasema sikujivunia.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya.

Nimemkuta Barasa kwenye kantini ya depo, ana furaha zake. "Sista, si uliona vile tuliikimbiza? Tuliambiana wote. Msichana wetu asiaibike mbele ya mabosi." Nikamuuliza habari ya yule aliyekuwa anakimbilia kituo. Akacheka. Siku nyingine angemngoja. Kila dereva humngoja anayekimbia, kwa joto hili.

Nikamweleza nilichokuwa napimia. Kicheko kikaisha. Hakunikasirikia, na hilo ndilo limeniumiza. Akaniambia ana mawe kwenye figo. Daktari amemwamuru anywe lita tatu za maji kwa siku, na msimu huu hata zaidi. Upande wa Najma dereva hana choo. Cha Pearl kiko ng'ambo ya maegesho, kwenda na kurudi ni dakika tano kwa mtu asiyekimbia.

"Basi nitapunguza maji," akasema. Kama mtu anayepunguza sukari kwenye chai.

Walitaka kunipa heshima, wakajikata wenyewe. Na mimi nikaandika kila dakika kwa mwandiko mzuri. Mjinga mkubwa ni mimi. Tangazo nilibandika mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwomba Bwana Samir anisubiri hadi Jumatatu. Hakufurahi. Anasema mchoro wangu unapendeza, anaogopa nitauharibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kanisani asubuhi. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Mchana nikalala, nikaota niko ndani ya basi lisilo na dereva, linateleza juu ya bahari, kimya, kwa wakati kamili. Kila kituo watu wamesimama mikono juu. Halisimami. Ndoto ilikuwa tamu. Nimeamka nikiichukia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechukua siku moja ya likizo. Kofia, miwani ya jua, kiti cha nyuma. Safari sita kutoka Najma hadi Pearl, namba zote nikaziingiza kwenye simu kama mtu anayechati. Hakuna dereva aliyenitambua. Walimngoja kila anayekimbia. Mmoja alishuka kumsaidia mama mwenye kiti cha magurudumu. Wafanyakazi watatu wa ujenzi kadi zao zilikataa, dereva akangoja mpaka zikubali. Mara nne kati ya sita tumefika Pearl tumechelewa. Mara moja, dakika sita. Hii ndiyo njia yenyewe. Ile ya Jumatatu ilikuwa maonyesho.

Cha ajabu, ilikuwa nzuri kuliko ile. Bahari ikitokea ghafla upande wa kulia, abiria wakisinzia mmoja mmoja, vichwa vikikubali kila tuta. Kumbe mtu anaweza kuota na bado akamwona anayekimbia. Sikujua.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka karatasi mbili. Ilibidi nieleze kwa nini hazifanani, na hapo hapakuwa na kona ya kujificha: nilitangaza, wakajiandaa, nikaamini. Nimetaja choo. Nimetaja figo bila kumtaja mtu.

Bwana Samir alizisoma zote mbili. Kisha akasema nimeipotezea idara wiki nzima. Barua ya onyo itaingia kwenye faili langu. Ile nafasi ya mpangaji mkuu ninayoingoja tangu mwaka jana, tusiizungumzie kwa sasa. Basi halitaondolewa. Dakika zitakuwa nane. Moja ameichukua, nadhani ili asiondoke mikono mitupu.

Nimelia chooni. Choo cha ofisi yetu kiko hatua kumi na mbili kutoka mezani kwangu. Nimezihesabu.

Jumatano, 13 Agosti

Baada ya kazi nimepanda na Barasa, kama abiria. Tumefika Pearl tumechelewa dakika nne. Akazima injini, akashuka. Alivuka maegesho polepole, bila kutazama saa. Ndani tulibaki watatu, wawili wamelala. Maji ya bandari meupe, boti za matajiri zimetulia tuli.

Aliporudi alifungua chupa ya maji, akanywa nusu. Akanitazama kwenye kioo. Akaimaliza.

Tumeondoka tumechelewa dakika mbili. Kazi yangu ni kuandika kila kuchelewa. Kuchelewa huku nimekuandika hapa tu.